Anapokosea Eneritz

Mwokaji huanza siku wenzake wakiwa wamelala fofofo.
Saa tisa ya usiku nimeshazama kwenye unga hadi viwikoni,
saa sita mchana nimeshauza mkate wa mwisho,
na kuanzia hapo hadi usingizi uje kunichukua
nina mchana mzima usio na mwenyewe.

Zamani niliuogopa.
Maixabel alipohamia Bilbao na masanduku yake mawili
niliukalia mchana huo
kama mtu aliyekalia kiti cha daktari wa meno.

Siku hizi nashuka hadi kanisani.
Siendi kusali, Mungu anisamehe, naenda kupiga ukuta:
ule wa magharibi, mrefu, uliochubuka,
ambao babu zetu waliupigia mpira kwa kiganja kitupu
hata padri akachoka kuwafukuza,
akavuta kiti, akawahesabia pointi.

Mpira wenyewe ni mdogo, mgumu kama deni la ndugu.
Kiganja kinawaka, kinaumuka, kinakuwa andazi.
Mpinzani wangu ni Haizea, binti wa dada yangu,
miaka kumi na mmoja, pengo analo, huruma hana.
Leo amenishinda ishirini na mbili kwa tisa.
Jana ilikuwa ishirini na mbili kwa saba.
Nimepanda kilima nikipiga mluzi. Tisa!
Mbili za nyongeza si haba
kwa mwenye goti kama langu.

Alhamisi huja gari la maktaba,
inyeshe isinyeshe, na kwetu hunyesha.
Nimeazima riwaya nene, jalada limebanduka,
na pambizoni kuna penseli ya mtu nisiyemjua.
Ukurasa wa kumi na nne: *Mwongo huyu.*
Ukurasa wa arobaini: *Si nilisema?*
Ukurasa wa tisini na mbili, yule bwana anapolia kituoni
ameshika koti la mkewe,
penseli imeandika tu: *Haya. Hapa umenipata.*
Nami nilikuwa nimepatwa papo hapo, mstari uleule,
mdomo umejaa mkate, macho yamejaa maji.
Nikachonga penseli yangu.
Chini yake nikaandika: *Hata mimi.*
Najua si ruhusa kuchora kitabu cha umma.
Bibi Arantzazu wa maktaba akiniuliza
nitakana mchana kweupe.

Na saa moja jioni, juu ya dari yangu, Eneritz.
Kutwa yuko kiwandani akikaza vali,
jioni anafungua akodiani aliyoinunua kwa mafungu.
Wimbo mmoja tu, uleule, tangu majani yaanze kupukutika.
Unapanda vizuri, unazunguka vizuri,
halafu kwenye kona ya tatu
vidole vinajikwaa, kwaruu,
kimya,
tusi dogo,
anaanza upya.
Miezi saba! Kosa lile nalijua kuliko mstari wa kiganja changu.
Nimelifanya saa ya jikoni:
wimbo ukipanda nakoroga supu,
ukizunguka natia chumvi,
ukijikwaa nazima moto.

Jumanne ukapanda, ukazunguka,
ukapita kona ya tatu kama kisu kwenye siagi
ukaenda zako mbele, mahali nisipowahi kufika.
Nikasimama, mwiko hewani, supu ikiungua.
Juu nikasikia kiti kikianguka, miguu ikirukaruka,
nami nikapiga makofi peke yangu kama mwehu.
Halafu, sijui nisemeje,
upweke ukanipitia kidogo,
kama mtu aliyehamwa na jirani bila kuagwa.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.
Changu hakijawahi kujaa. Kina tundu, nadhani.
Basi ndiyo maana kila siku nakitega tena.

Leo amekosea. Palepale, kwaruu.
Nimezima moto kwa wakati.
Supu imekubali, kiganja bado kinawaka,
na kesho, Haizea,
nataka kumi.